Mtoto wa ami anagawa vitu vyake. Nifanyeje usiku huu?

Daka_la_Langoni (mleta uzi), Alhamisi, saa 3:12 usiku

Assalam aleikum, wakubwa kwa wadogo. Sijawahi kufungua uzi humu, mimi ni mtu wa kusoma na kupita. Leo nimekwama.

Niko Lamu, Langoni. Naishi na mtoto wa ami yangu, tumekula sahani moja tangu tukiwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Ana miaka 27, kazi yake bahari. Mwaka jana alichukua injini ya boti kwa mkopo. Upepo wa kusi wa mwaka huu umeingia na ghadhabu zake, boti iko juu ufuoni siku nenda siku rudi, na mkopo haujui kusi wala kaskazi. Akawa anaziba pengo kwa mikopo ya simu, mmoja unalipa mwingine. Mkewe amerudi kwao Matondoni na mtoto tangu mwezi wa nne. Mpaka hapo ni shida tunazozijua sote.

Lililonitisha ni hili. Jumatatu alimpa jirani redio yake. Jumanne mishipi yake yote, ambayo mimi mwenyewe alikuwa hataki niiguse, akampa kijana wa Kipungani bure. Leo baada ya Magharibi amekwenda kwa mama yake kumuomba radhi. Kumuomba mama radhi si baya, lakini aliporudi nikamuuliza kulikoni, akacheka: "Mutapumzika na mimi karibuni." Kisha akaketi dakani, pale barazani mbele ya mlango, kimya, mtulivu. Mtu aliyekuwa wiki tatu hapati usingizi, yeo ametulia kama bahari ya maji mafu.

Yuko pale nje, mimi niko ndani naandika. Nachelea kumtia wazo ambalo hana. Nachelea pia kunyamaza. Nifanyeje?

Mjuaji_Barazani, saa 3:20

Kijana kapigwa husda ya injini, hiyo tu. Mpeleke akasomewe, anywe kombe la aya, wiki ijayo yuko kilindini. Na hilo neno usilitaje nyumbani, neno huita jambo. Halafu mwenye kusema hafanyi.

Kaskazi77, saa 3:24

Chunga usimwambie mtu wa serikali! Kujaribu kujiua ni kosa, ni miaka miwili jela. Mfiche ndani mpaka imtoke.

Bi_Muuguzi, saa 3:31

Mleta uzi, nimeshika wodi hapa Malindi miaka mingi. Nisome mimi kwanza, hao wengine utawasoma kesho.

Toka ndani ukaketi naye. Sasa hivi. Simu utakuja nayo hukohuko nje.

Halafu muulize. Na jambo lenyewe ulitaje kwa jina lake: "Unafikiria kujiua?" Usimuulize kwa kuzunguka, na zaidi ya yote usimuulize hivi: "Lakini wewe huwezi kufanya ujinga, siyo?" Swali hilo lina jibu ndani yake. Umeshamwambia unataka kusikia nini, naye kwa kukuhurumia atakwambia hapana. Wewe hujamuuliza, umemuomba akutulize.

Kumuuliza hakumtii wazo. Hili limechunguzwa sana na watu wa fani, na jibu linarudi lilelile. Wazo likiwapo, liko pale kabla yako. Unachomtia ni nafasi ya kulisema. Nimeona watu wazima wakishusha mabega kwa kuulizwa tu.

Akisema ndiyo, usiruke. Usilie mbele yake ukiweza, usimhubirie. Muulize tena mambo matatu: ameshafikiria atafanyaje, ameshafikiria lini, na hicho anachokifikiria kiko karibu naye? Mwenye jibu la yote matatu haachwi peke yake hata dakika ya kwenda msalani, na kitu hicho kinaondolewa nyumbani kabla ya mazungumzo mengine. Usikiandike humu ndani ni kitu gani.

Kutulia ghafla baada ya wiki za kuhangaika si lazima kuwe nafuu. Mara nyingine ni mtu aliyekwisha kata shauri. Wewe umekuona kabla ya kuambiwa. Jicho lako liamini.

Simu: 1199 ni ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haitozi. Befrienders Kenya ni 0722 178 177. Unaweza kupiga wewe, si lazima apige yeye. Asubuhi mnakwenda hospitali, sehemu ya dharura, mnamuulizia mhudumu wa afya ya akili. Mambo yakichafuka usiku, hamngoji asubuhi.

Nenda.

Wakili_Mchana, saa 3:40

Kaskazi77, habari yako imepitwa. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ndicho kilichokuwa kikisema hayo ya miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikitangaza kuwa kinakwenda kinyume cha Katiba, katika kesi ambayo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa miongoni mwa waliofungua. Hoja kubwa ilikuwa heshima ya utu na haki ya afya: huwezi kumwadhibu mtu kwa kuugua. Tena hata kifungu chenyewe kilikuwa cha aliyejaribu. Kufikiria hakukuwa kosa hata zama hizo. Nawasihi tuache kuwatisha watu wasiende hospitali.

Kaskazi77, saa 3:43

Nimeelewa, wakili. Nilisikia zamani nikashika hivyohivyo. Mleta uzi, nisamehe.

DadaWaMajengo, saa 4:05

Sikutaka kuandika. Nimeandika nikafuta mara mbili.

Kaka yangu alikuwa akitembeza watalii hapa Malindi. Msimu ukifa alikuwa akishinda chumbani. Unga wa kulevya ulimpitia pia, akatoka, akarudi. Mwaka wa mwisho alikuwa safi, na wengi hawajui kwamba hata mtu aliyeacha hubaki na kazi nzito moyoni. Swali ambalo Bi Muuguzi analikataza ndilo nililomuuliza mimi, karibu neno kwa neno. "Wewe si huwezi kufanya ujinga, kaka?" Akanishika kichwa, akasema, "Siwezi, mamii." Nikalala vizuri usiku ule.

Ni miaka tisa. Nyumbani kwetu mpaka leo ukiuliza utaambiwa ilikuwa malaria.

Simlaumu mtu, na wenye kujua wamenieleza hata mimi nisijilaumu, kwamba jambo kama lile halina sababu moja. Nakubali mchana. Usiku ni mtihani mwingine. Muulize vizuri tu, mleta uzi.

Mjuaji_Barazani, saa 4:11

Pole dada. Lakini mimi bado nasema mwanamume hajiui kwa deni la injini. Imani ndogo hiyo.

Ustadh_Mkomani, saa 4:30

Ndugu Mjuaji, nitakujibu kwa upole maana wengi wanafikiri kama wewe, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Aya ya 29 ya Surat An-Nisaa tunaisoma sana katika jambo hili. Inakataza mtu kujiua, na hapana ubishi. Lakini angalia tunavyoisoma: tunakata katikati. Kinachofuata palepale, katika aya hiyohiyo, ni kwamba Mwenyezi Mungu ni Mwenye kuwahurumia. Nimehudhuria mawaidha mengi ambayo nusu ya kwanza ilipigiwa kelele, nusu ya pili haikutajwa. Mgonjwa anatoka pale amebeba katazo, rehema ameiacha msikitini.

Na kuhusu imani ndogo: Bi Maryam, alipobanwa na uchungu wa uzazi chini ya mtende, alisema laiti angelikufa kabla ya siku ile. Iko ndani ya Sura yenye jina lake. Hakukemewa. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji chini yake, akaambiwa autikise mtende ale tende. Maji na chakula kwanza! Ukitaka kujua jinsi ya kuzungumza na aliyechoka na dunia, anza hapo.

Kusomewa kusomewe, mimi mwenyewe niko tayari kuja. Kisomo hakigombani na daktari. Anayekwambia uchague kimoja anakupunguzia.

Daka_la_Langoni, saa 8:47 usiku

Nimemuuliza.

Nilikaa naye kama nusu saa nikishindwa. Lile neno linakwama kooni kama mwiba wa changu. Nikasema habari za upepo, nikasema habari za mpira. Mwisho nikasema, "Ndugu yangu, umegawa mishipi, umemuomba mama radhi. Unafikiria kujiua?" Sauti ilitoka ndogo, nikadhani hakusikia.

Akakaa kimya muda mrefu mpaka punda mmoja akapita peke yake kichochoroni. Kisha akasema, "Ndiyo." Vivi hivi. Kama mtu aliyeulizwa kama amekula.

Nikamuuliza yale matatu. Alikuwa na majibu. Nimekwenda naye nikakichukua, sasa hakipo nyumbani na hakipo mahali anapopajua. Nilidhani atakasirika. Alinisaidia kukibeba.

Halafu ndipo alipolia. Akasema hataki kufa, anataka simu iache kulia tu. Wanaomdai wanampigia mpaka mamake, mpaka shemeji zake. Anasema kila mtu angepumua kama yeye hayupo, ndiyo maana ya "mutapumzika". Mimi nilitaka kumjibu, "Unasema nini wewe, sisi tunakupenda," lakini nikamuacha amalize. Alikuwa na mengi.

Tumepiga 1199, amezungumza nao mwenyewe. Nimemwamsha kaka yangu mkubwa aje tubadilishane, maana macho yananifumba. Aliniomba nisimwambie mtu. Nikamwambia sitaweza kumuahidi hilo. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi mama asijue usiku huu, mngoje alfajiri." Hilo nimemkubalia.

Tuko dakani watatu na birika la chai.

Bi_Muuguzi, saa 8:52

Niko macho. Umefanya sawasawa. Hilo la kutomuahidi siri ndipo watu wengi wema wanapoteleza. Wanaahidi, kisha wanabaki na mzigo wasioweza kuutua wala kuubeba.

Muda ndiyo dawa ya usiku huu. Wimbi hilo hupanda na hushuka, kwa wengi kilele chake ni saa, si siku. Kazi yenu ni kuwa naye kilele kipite na kile kitu kiwe mbali. Mpe chakula kama Ustadh alivyosema.

Nilirudi, Ijumaa, saa 12:40 asubuhi

Jina langu humu ndani lina maana yake. Sitasimulia mengi. Nataka kumsaidia mleta uzi kwa upande wa aliyewahi kuketi mahali pa huyo ndugu yake.

Maneno yaliyonichoma: "Wenzako wana shida zaidi." "Fikiria mama yako." Hilo la mama watu hudhani ni kamba ya kuniokoa. Mimi nilikuwa namfikiria mama usiku na mchana, nilikuwa nimeshaamini kwamba mimi ndiye shida yake. Ukinitajia mama unanihesabia deni lingine.

Kilichonisaidia ni khale yangu, dada wa mama. Alikuwa akija kila siku baada ya Dhuhuri na sinia ya mchele, ananiwekea mbele, "Nichambulie." Hakuuliza kitu. Tunachambua mawe na chuya, saa nzima. Siku ya nne au ya tano nikaanza kuzungumza mwenyewe. Nilikuja kujua baadaye kwamba mchele ule ulikuwa umeshachambuliwa, alikuwa akichanganya chuya upya nyumbani kwake.

Wengi wetu tuliorudi tumebaki. Watu hudhani aliyejaribu mara moja lazima siku moja atamaliza, kwa hiyo wanamuangalia kama jeneza linalotembea. Si kweli. Hatari ipo na inatakiwa kuangaliwa, lakini walio wengi hawafi kwa njia hiyo.

Daka_la_Langoni, Ijumaa, saa 11:15 jioni

Tumerudi kutoka hospitali. Mama yake nilimwambia baada ya Alfajiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa mayowe, alikaa kimya, akatafuta buibui lake, akasema, "Twendeni."

Walimuuliza maswali yaleyale ya Bi Muuguzi, na mengine ya usingizi, chakula, ulevi, kama kwenye ukoo kuna aliyewahi kuugua hivi. Wakasema ni ugonjwa wa huzuni, una matibabu. Amepewa vidonge vya wiki moja tu, na mama ndiye anayevitunza na kumpa. Wametuonya tusitegemee kitu siku tatu za mwanzo: dawa hizi huchukua wiki kadhaa kushika, na siku za mwanzo ndizo za kumuangalia zaidi, hasa kwa kijana. Kuna na mshauri nasaha atakayekuwa akimuona.

Kilichonishangaza ni karatasi. Waliandika naye, kwa mkono wake, dalili zake mwenyewe zikianza (yake ni kuzima simu na kuacha kunyoa), mambo anayoweza kufanya peke yake, mahali pa kwenda, watu wa kuwaita kwa mpangilio, na namba zile. Nilidhani ni kitu cha kitoto. Ameikunja akaiweka mfukoni mwa shati, na njia nzima mkono ulikuwa pale.

Tatizo sasa ni mtaa. Mnaujua mji huu, ukipiga chafya Mkomani unaombewa dua Langoni. Tumepishana na watu kumi kutoka hospitali mpaka nyumbani, na kila mmoja, "Kwema?" Mama alisema tumbo. Je, ni sawa?

Mjuaji_Barazani, saa 11:40

Semeni tumbo. Stara ni ngao.

DadaWaMajengo, saa 11:52

Stara, ndiyo. Lakini kuna kumsitiri mtu na kuna kuisitiri aibu yetu wenyewe. Kwa mpita njia, tumbo linatosha, hana haki ya kujua. Kwa wale watakaokaa naye usiku, wajue kila kitu. Sisi kwetu hata ami zangu walikuwa hawajui, na kila mmoja alidhani mwenzake yuko naye.

Bi_Muuguzi, saa 12:20

Nakubaliana na dada, na naongeza: yeye mwenyewe aulizwe nani ajue. Ni maisha yake. Na mkewe? Naye aambiwe na mtu wenu mwenye busara, bila kumbebesha lawama hata ya ukucha.

Neno la kazi: msije mkapumua sasa kwa kuwa ameonwa. Wiki za mwanzo baada ya kutoka hospitali ni za hatari kuliko watu wanavyofikiri, na ndizo wiki ambazo jamaa hurudi makwao. Gawaneni siku.

Daka_la_Langoni, baada ya wiki tatu

Wengi mmeniandikia faraghani, samahani sikujibu wote.

La deni: ukoo umekaa, ami zetu wawili wamekwenda naye kwa mwenye injini, wamepangiwa malipo mapya mpaka kaskazi irudi. Ile mikopo ya simu tumeilipa miwili midogo, na laini amebadilisha. Nilitarajia baada ya hapo atang'ara. Hakung'ara. Siku ileile tuliyomaliza alilala mchana kutwa, nami nikaona hasira, wallahi, nikajisemea tumetoa pesa zote hizi. Mshauri ndiye aliyenieleza kwamba deni lilifungua mlango, lakini aliyeingia hatoki kwa sababu mlango umefungwa. Nimeambiwa pia nilale, maana nimekuwa mkali nyumbani.

Wiki iliyopita usiku mmoja ulikuwa mbaya. Alikuja mwenyewe kuniamsha, ameshika ile karatasi. Hakusema kitu, aliniwekea kidole juu ya jina langu.

Mjuaji_Barazani, saa 2:05 usiku

Nimekaa nje ya uzi huu siku zote hizi. Nina shemeji yangu hapa Shela ambaye tangu mwezi uliopita hazungumzi na mtu. Nilimuuliza jana, kama mlivyosema, nikalitaja jambo kwa jina lake. Alisema hapana, si hivyo, ila amechoka. Tumezungumza mpaka Isha. Ndiyo hayo tu.

Nilirudi, saa 2:30

Hilo nalo si dogo, kaka.

Daka_la_Langoni, baada ya miezi miwili na nusu

Uzi umelala, nauamsha kwa haja. Mji umeanza kujaa wageni wa Maulidi na mimi kazini nimebanwa. Jumatano ni tarehe yake ya kliniki. Kaka yangu yuko Mombasa, mama magoti yanamsumbua. Anaweza kwenda peke yake, anasema mwenyewe, na pengine kweli, lakini tulikubaliana miezi sita tusikose mtu. Yuko mtu wa huku Langoni atakayemsindikiza?

Ustadh_Mkomani, saa 4:10 asubuhi

Nitakuja mimi. Saa ngapi?

Daka_la_Langoni, saa 4:18

Saa moja na nusu, kabla jua halijakaza. Asante, shekhe. Mkiwa njiani usimuulize maendeleo, ataona unampima. Muulize habari za madema, mitego yake ya samaki, ameanza kusuka mapya na hakuna anayetaka kumsikiliza tena nyumba hii.